Umri wa Kupanda Joka

Kwa miaka kumi na mmoja Muattar alisimama mahali pale pale katika bustani ya michezo, upande wa mashariki wa Tashkent, kando ya korongo wa mbao aliyepakwa rangi nyeupe. Korongo huyo alikuwa amenyoosha mdomo wake mwekundu mbele, na mdomo huo ulikuwa sentimita mia na kumi kutoka ardhini, bila kuzidi wala kupungua. Mtoto aliyeugusa kwa utosi alipita kwenda kupanda Joka, treni ya vyuma iliyokwea polepole mpaka juu ya miti, kisha ikaporomoka kwa kishindo huku abiria wakiita mama zao. Mtoto aliyepita chini ya mdomo bila kuugusa alirudishwa kwa wazazi, hata alie kwa sauti ya namna gani.

Kabla ya kazi hiyo, Muattar alikuwa mpima vitambaa kiwandani, miaka ishirini na mitatu, mpaka kiwanda kikafungwa. Mkono wake ulizoea kipimo na jicho lake lilizoea kasoro. "Kitambaa hakina hila," alizoea kusema. "Wazazi ndio wenye hila."

Na kweli alikuwa ameziona. Ameona watoto waliovalishwa viatu vya mama zao chini ya suruali ndefu. Ameona nywele zilizofungwa juu kama mnara wa msikiti. Baba mmoja aliyekuwa na kitambi na leso ya hariri alimlia yamini kwamba mwanawe alikuwa mrefu mwaka jana, homa ndiyo iliyompunguza. "Basi mpe supu," Muattar alimjibu, "akirefuka mrudi."

Kwa sababu ya kazi hiyo akawa mtoa fatwa wa mtaa mzima. Wanawake walimwendea na tikiti la kumzawadia mkononi: "Muattar-opa, dada yetu, wangu ana miaka minne, nimpeleke bustanini?"

"Saba."

"Lakini ni mrefu, opa."

"Urefu ni shauri la korongo. Mimi nazungumzia kichwa." Kisha huwahesabia kwa vidole. Wa miaka miwili atakumbuka paka tu. Wa mitatu atataka kurudi nyumbani kabla hamjafika. Wa minne atamwogopa farasi wa mbao na kumpenda mfagizi. Wa mitano atashikwa na haja mkiwa mmebakiza watu wawili kwenye foleni. Na wa sita... Hapo kidole kilibaki hewani, maana wa sita hakuwahi kumwona na kosa. "Lakini saba ni saba," alimalizia, na tikiti akalipokea.

Nyumbani kwake sheria ilikuwa hiyo hiyo. Aliishi na mwanawe Ulmas, mke wa Ulmas aitwaye Feruza, na wajukuu wawili: Zilola wa miaka mitano, na Behzod wa mitatu. Watoto hao walijua bustani kwa harufu tu, harufu ya mafuta ya mashine na sukari ya kuungua iliyokuwa ikirudi na nguo za bibi yao kila jioni.

Mwezi wa saba, joto la kuivisha matikiti lilipopamba moto, mama yake Feruza akaja kutoka Qarshi. Aliitwa Hosiyat, mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu na jibu la kila jambo. Yeye na Muattar waliitana "kuda", kama waitanavyo wazazi waliooziana watoto, na tangu siku ya harusi walikuwa wakiitana hivyo kwa adabu kubwa na mapenzi haba.

Siku ya pili, sinia la pilau likiwa katikati yao, Hosiyat akaanza. "Kuda, watoto hawa wana bibi bustanini na hawajakanyaga huko. Ni kama mjukuu wa mwoka mikate kufa njaa."

"Hawafi. Wanasubiri," akasema Muattar.

"Wanasubiri nini?"

"Miaka saba."

"Miaka saba! Akifika saba atakuwa ameshaambiwa na wenzake shuleni kwamba joka ni vyuma na mota. Mtoto hupelekwa akiwa bado anaamini!"

"Akipelekwa mapema atasahau. Siku nzima inakwenda na maji."

"Na wewe pilau hili utalisahau, mbona unaongeza sahani?"

Ulmas alipaliwa na wali. Mama yake akamtupia lile jicho la kiwandani, naye akapona kikohozi palepale.

Zilola, aliyekuwa akifikiri huku amekunja uso, akainua mkono. "Bibi, mimi mitano, Behzod mitatu. Inakuwa minane. Si tupande kama mtu mmoja?"

"Hesabu nzuri," akasema Muattar. "Kula karoti zako."

Mazungumzo yakaishia hapo, au ndivyo Muattar alivyodhani. Angejua kwamba kesho yake Hosiyat, Ulmas na Zilola walijifungia jikoni na utepe wa kupimia, asingelala kwa raha. Feruza peke yake ndiye aliyewaona, naye akaenda zake kazini zahanati, akisema hajaona kitu na asiulizwe kitu.

Jumamosi foleni ya Joka ilikuwa ndefu kama ya hija. Karibu na saa sita mchana akatokea mtoto wa kike wa ajabu. Alikuwa amevaa miwani ya jua ya mtu mzima, na kofia ya darizi iliyomkaa kichwani juu juu, haijazama. Alitembea akinyanyua magoti kama bata aliyeazima miguu. Aliyemleta alikuwa mwanamke mnene aliyejifunika shungi mpaka machoni, katika joto lile, huku amemshika mkono mvulana mdogo wa miaka mitatu.

Muattar hakuwa na desturi ya kuuliza watu majina. Siku hiyo aliuliza.

"Gulsanam," akajibu mtoto kwa sauti nzito.

"Umri?"

"Saba. Nimetimiza jana."

"Hongera. Sogea kwa korongo."

Kofia ikagota mdomo mwekundu, tena ikauzidi kidogo. Watu wakaanza kusogea mbele. Lakini Muattar aliweka kiganja juu ya kofia na kubonyeza taratibu, kama alivyokuwa akibonyeza kitambaa kukitoa kunyanzi. Kukasikika mlio: kraa! Mbegu za ufuta zikaanza kumdondoka mtoto usoni, moja ikanasa kwenye miwani.

"Gulsanam," akasema Muattar, "kichwa chako kimeokwa lini?"

"Leo asubuhi," akajibu mtoto, ambaye akishtuliwa husema kweli.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Muattar akaivua kofia, na chini yake kulikuwa na mkate wa tanuri, wa duara, umepasuka vipande viwili. Akavua na viatu: kila kimoja kilikuwa na sifongo mbili za kuoshea vyombo. Behzod aliokota kipande cha mkate na kuanza kula, maana ndiye aliyekuwa na njaa ya kweli katika shughuli ile.

Muattar akatazama kushoto na kulia. Nyuma ya kibanda cha aiskrimu alikuwapo mwanamume amejibanza, kichwa kimesitirika, mwili umeshindikana.

"Ulmas! Toka! Tumbo hilo nalijua, nimelilisha mwenyewe."

Ulmas, mtu wa miaka thelathini na minne, akatoka ameinamisha kichwa. "Mama, mimi nilikuwa dereva tu."

Hosiyat alipoona mambo yameharibika alilivua shungi lake, uso umemwiva kama nyanya, akashika kiuno. "Sentimita sita tu, kuda! Kwa sentimita sita unamtia mtoto aibu mbele za watu?"

"Sentimita sita ndizo zinazomfanya mtoto achopoke chini ya chuma cha kifuani," akasema Muattar, safari hii bila mzaha. "Unataka nimwokote mjukuu wetu kwenye mti?"

Hosiyat alijua kwamba hilo halina jibu, na mtu kama yeye akikosa jibu huhamia swali jingine. "Haya. Na wewe mwenyewe, umelipanda?"

Muattar akajifanya anakung'uta ufuta kwenye kofia.

Tolib, fundi mwenye masharubu aliyekuwa akiendesha mtambo wa Joka, akachomoza kichwa dirishani. "Muattar-opa? Hata siku moja! Kila sikukuu namwomba, kila sikukuu anaumwa mgongo."

"Lo!" Hosiyat akaigeukia foleni kama mtu aliye mimbarini. "Jamani mmesikia? Miaka kumi na mmoja anawapangia watu umri wa kupanda kitu asichokijua!"

"Apande! Apande!" watu wakaitikia, na sauti ya kwanza na ya juu kuliko zote ilikuwa ya Zilola.

Muattar akamtazama mjukuu wake, mtoto pekupeku mwenye ufuta kwenye nyusi, akaona hana pa kutokea. Akamkabidhi Ulmas watoto wote wawili na pochi yake. "Napanda," akasema. "Lakini na kuda wangu anapanda, tena kiti cha mbele."

Yale meno ya dhahabu yakatoweka ghafla. "Mimi? Nina presha."

"Ulipokuwa unamvalisha mtoto mkate hukuwa na presha."

Basi wakafungwa chuma kifuani, bega kwa bega, na Tolib akavuta mtambo kwa furaha isiyofichika. Joka likakwea likiguna. Muattar aliyatazama mapaa ya mtaa wake, akashangaa kuona yalivyo karibu. Pembeni yake Hosiyat alikuwa akisoma dua, akiruka maneno, akirudi mwanzo, akichanganya dua ya safari na ile ya kulia chakula.

"Kuda," Hosiyat akanong'ona, "kama nimewahi kukuudhi..."

"Umewahi," akasema Muattar, na dunia ikawadondoka chini ya miguu.

Ukelele aliousikia alidhani ni wa mtu mwingine. Ulikuwa wake, na baada ya kona ya kwanza akagundua kwamba ni ukelele wa furaha, jambo lililomtia haya hata katika mwendo ule. Kitambaa chake cha kichwani kiliruka kikaenda zake. Hosiyat alimkamata mkono, pete zote zikamzama nyamani, wala hakuuachia mpaka treni iliposimama.

"Bibi!" Zilola alipiga kelele kutoka chini. "Ulimwita mama yako mara nne! Nimehesabu!"

Tolib na Ulmas waliwashusha wakawakalisha kwenye benchi chini ya mti wa mforsadi, wakaletewa chai. Watoto walikuwa mbele yao wakimrushia bata wa bustani makombo ya kile kichwa cha Gulsanam.

"Nina picha," Muattar akasema mwishowe, kana kwamba ameulizwa. "Nina miaka mitatu. Nimepandishwa farasi wa kuzunguka, na baba amenishika. Mwaka uliofuata akafa. Nimeikodolea macho picha ile maisha yangu yote, kuda, na sikumbuki hata kidogo. Si farasi, si mkono wake. Siku moja tu ya kwenda naye bustanini, na nilipewa nikiwa sina pa kuiweka."

Hosiyat alilizungusha bakuli la chai kiganjani. "Kwenye picha unafanya nini?"

"Nalia. Mdomo wazi mpaka kimio."

"Na baba yako?"

Muattar akafikiri, ingawa hakuwa na haja ya kufikiri. "Anacheka. Amecheka mpaka macho yamefumba."

"Basi siku ile haikupotea," akasema Hosiyat. "Ilikuwa ya kwake. Wewe ulikuwa umemsindikiza."

Muattar alimmiminia chai nyingine, bakuli nusu, kama apewavyo mgeni anayetakiwa asiondoke haraka.

Alhamisi iliyofuata mkuu wa bustani alipokea ombi la likizo ya siku moja kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuomba, akalisoma mara mbili. Muattar akaja bustanini kwa kupitia lango la wageni, amevaa gauni lake la harusi za watu, Zilola mkono wa kulia, Behzod mkono wa kushoto, na Hosiyat nyuma akibeba vikapu. Kwa Joka hawakwenda. Zilola alipitia magari ya kugongana, akamgonga bibi wa Qarshi mara tisa kwa makusudi na mara moja kwa bahati mbaya. Kisha akachagua mashua za miguu, akaamrisha wengine wapige kanyagio.

Muattar alimchukua Behzod kwenye bembea ya kuzunguka, wakakaa juu ya bata-maji wa mbao. Mtoto alicheka mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili akapiga miayo. Wa tatu ulimkuta amelala fofofo, shavu kwenye mkono wa gauni lile, akilidondoshea mate.

Kijana aliyekuwa akiendesha bembea akapunguza mwendo. "Opa, mtoto amelala. Niwashushe?"

"Nani amekuambia utushushe?" akasema Muattar. "Zungusha."