Nilivyomkana Mke Wangu Uhamiaji

Namshukuru Mungu kwa kila jambo, hata kwa aibu hii. Mke wangu Zainabu ni Mkomoro. Kibali chake cha kuishi Kampala kilikuwa kimekataliwa mara mbili, wakishuku ndoa yetu ni ya karatasi tu. Tukikosa tena, ingebidi arudi kwao. Ofisa, binti wa rika la wajukuu zangu, aliniita peke yangu.

“Hajji, mnalala chumba kimoja?”

Nilichanganyikiwa. Mzee aliyefunga Ramadhani anaulizwa hivyo? Kwa haya nikajibu, “Hapana, binti yangu. Kila mtu na chake.”

Akafungua mlango, akamgeukia Zainabu aliyekuwa kwenye foleni nje. “Mama, Hajji anasema mnalala mbalimbali.”

“Mbalimbali?” Zainabu akapaza sauti. “Basi anayeniamsha kwa kukoroma ni jirani?”

Foleni nzima ikanigeukia.

“Hajji, nimwamini nani?”

“Mwamini yeye,” nikasema. “Mimi nakoroma.”