Kiluma cha Mama Mkwe

Katika kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi pale Athi River, laini yetu nzima ilikuwa na kadi moja ya kwendea choo, na mwaka ule kadi hiyo iliishi mfukoni mwangu. Mimi nilikuwa mpiga pasi. Wasichana wa cherehani walinung'unika, na msimamizi akaniambia mbele yao kwamba akiniona nayo tena atatafuta mpiga pasi mwenye tumbo zima. Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimekonda, nahara damu. Daktari alikuwa amesema utumbo mpana umevimba na kufanya vidonda, akanipa vidonge, navyo vilisaidia nusunusu.

Mke wangu akasema niombe ruhusa ya wiki moja twende Katangi kwa mama yake, ambaye watu walimfuata kwa ajili ya kiluma, ule mshubiri wa porini. Hapo ndipo penye kazi. Sisi Wakamba tuna nthoni: mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Sasa nimpelekee mama huyo habari za choo changu? Heri kufa. Nikamwagiza mke wangu aseme tumbo limefunga tu. Kufunga choo angalau kuna heshima yake.

Mke alinitazama, akaenda jikoni akasema hivyo hivyo.

Sikujua kiluma kina mambo mawili. Jani likikatwa hutoa maji ya manjano, machungu ajabu, na hayo huharisha. Ute mweupe wa ndani ndio wa kupoza. Aliyefunga choo hupewa vyote. Nililetewa kikombe kilichojaa, nikakimaliza.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimelikata lile boma mbio mara nyingi, mkwe mzima nimeshika mkanda, naelekea choo cha ukweni, huku mashemeji wakijifanya wanapepeta ndengu. Mara ya mwisho nilipotoka, mama mkwe alikuwa amesimama njiani. Hakupisha. Nikainamisha kichwa nipite kando, naye akasogea mbele yangu.

"Mwanangu, kuna damu?"

Niliitikia kwa kichwa. Machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

"Leo mimi niko mama yako," akasema. "Hiyo nthoni tutarudisha ukipona."

Tangu hapo alinikatia kiluma mwenyewe, akisimamisha jani mpaka maji ya manjano yaishe, kisha akauosha ule ute. Kila asubuhi aliniuliza mambo ambayo hata daktari aliyauliza kwa sauti ya chini, nami nilimjibu nikiangalia kuku. Aibu ilinichoma masikio. Daktari nilipomsimulia alisema mimea kama hiyo bado inachunguzwa kama kweli hutuliza uvimbe wa utumbo, na nisithubutu kuacha vidonge. Sikuacha, kwa hivyo mpaka leo siwezi kuapa ni kipi kilichonifaa.

Miezi ikapita, tukarudi Katangi siku ya soko. Nilimwona anakuja na kiondo chake, njia nyembamba, nami nimeshaandaa majibu ya choo cha wiki nzima. Alinitazama mashavu, akanitazama tumbo. Kisha akavuta leso akafunika uso, akaingia kichakani kunipisha.

Nilisimama pale njiani. Nilikuwa nimepona.