Kura ya Kope

Mtaani kwao kulikuwa na wapiga kura wa kila aina: waliofuata chama, waliofuata ukoo, na waliofuata fulana za bure. Mama Vifungo, fundi cherehani na sauti nene ya kwaya, alifuata kope. Mgombea aliyefumba macho sawasawa wakati wa maombi, huyo alikuwa wake. Aliyechungulia alikuwa amejichungulia nje ya kura yake.

"Mtu hawezi kutulia mbele za Mungu dakika tano, atatulia ofisini miaka mitano?" aliwauliza wateja, pini zimejaa mdomoni na mkasi mkononi. Katika hali hiyo hakuna aliyembishia.

Kwa kipimo hicho alimchagua mwenye duka la dawa kuwa diwani, mara mbili. Diwani yule alikuwa akifumba macho hadi unamwonea wivu: kidevu kifuani, mikono tumboni, nzi anatua puani pake na yeye hatikisiki. Akina mama wa kikundi cha maombi, ambao Mama Vifungo ndiye kiongozi wao, walimfuata kiongozi huyo kwenye kura kama uzi unavyofuata sindano.

Tatizo lilikuwa mtaro. Ule wa mbele ya chumba chake cha kushonea ulikuwa umeziba kitambo, na kila mvua iliponyesha maji yaliingia bila hodi. Msimu uliopita yaliyakuta majoho mapya ya kwaya, meupe pe, yamelala sakafuni pamoja na pazia jekundu la mteja. Jumapili iliyofuata wanaume wa sauti ya nne waliimba wakiwa waridi kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Mchungaji alisema rangi imependeza, ila alisema akiwa anatazama dari. Cherehani nayo ilishika kutu, ikawa inalia kila ikishona pindo. Mvua kubwa moja tu zaidi, na Mama Vifungo hana kazi. Jambo hilo lilimtisha kweli, ingawa hakupenda kulisema.

"Si umpe Cheche?" mumewe alimwambia. Cheche alikuwa mchomelea vyuma wa kona ya pili, naye aligombea safari hii. "Ameahidi kuuzibua."

"Cheche? Mara ya mwisho alipokuja kanisani, sisi tunaomba, yeye anatazama feni."

"Na ndiyo aliyoitengeneza Jumatatu yake, mama watoto."

"Feni haitampeleka mbinguni."

Jumapili ya mwisho kabla ya kura, wagombea wote wawili waliketishwa kiti cha mbele. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mchungaji akasema tuombe, na mchungaji yule akianza kuomba hupumziki mpaka ametaja kila ugonjwa. Waumini wakafumba. Mama Vifungo akafumbua jicho la kushoto, lile la kutungia uzi, akaanza ukaguzi.

Diwani alikuwa ametulia tuli. Moyo wa Mama Vifungo ukatabasamu. Cheche, macho kodo, alikuwa anautazama mlango.

Kumbe maji yalikuwa yanapita chini ya mlango. Cheche akanyanyuka kwa ncha za vidole, akavua koti lake la kampeni, akalikunja, akalishindilia kwenye upenyo. Mama Vifungo nusura apige kelele, kwa maana koti lile alilishona yeye, na bitana yake ilimtoa jasho. Kisha Cheche akawabeba watoto waliokaa mkekani, mmoja mmoja, akawapandisha kwenye jukwaa la kwaya. Maji yaliyokwisha kuingia yakafika kwenye viatu vya diwani. Diwani hakutikisika. Imani gani hii, Mama Vifungo akajiuliza, karibu machozi yamtoke.

"Amina," mchungaji akasema.

"Amina," kanisa likaitikia. Diwani akakoroma.

"Amina," mchungaji akarudia, safari hii kwa sauti ya kufukuzia ng'ombe.

Diwani akaruka wima, viatu vikitoa maji. "Nimelisikia, wananchi," akasema, "tutalishughulikia."

Kanisa zima lilicheka hadi mpiga kinanda akaangukia kinanda chake. Mama Vifungo alicheka pia, halafu kicheko kikamkauka.

"Miaka yote hiyo mtu amelala tu," alimlalamikia mumewe jioni. "Halafu yule mwingine aliyekuwa macho ndiye aliyewaokoa watoto na maji."

Mumewe alikuwa anakaza skrubu ya redio. Akaiacha. "Na wewe uliwaonaje?"

Mama Vifungo akalikumbuka jicho lake la kushoto. Aliona haya, haya ya kweli. Usiku ule alipiga magoti akaomba msamaha kwa kila kope aliyowahi kuichungulia, na aliomba amefumba macho yote mawili, jambo ambalo lilimpa kizunguzungu kidogo kwa kukosa mazoea. Akina mama walipokuja kuuliza wampe nani, aliwaambia kila mmoja aombe mwenyewe, halafu atazame mtaani kuna nini.

Siku ya kura aliingia kibandani, akaishika kalamu, akainamisha kichwa. Alimwombea diwani, maskini, apate usingizi mzuri kitandani kwake. Aliyaombea majoho. Aliuombea mtaro kwa kirefu. Foleni ikaanza kunung'unika, karani akagonga ubao.

"Mama, umelala?"

"Nilikuwa nimelala, mwanangu," Mama Vifungo akajibu. Akafumbua yote mawili, akatia alama.