Sweta za Watoto wa Ndege

Watiri alikuwa mtu wa kushuku kabla hajashukiwa. Kwa miaka ishirini na miwili alifuma sweta za shule kwa mashine katika kibanda chake mjini Nyeri, na mzazi akisema mtoto wake ana miaka sita, Watiri alimwita mtoto mwenyewe akampima. Kwa hiyo binti yake Wangui, muuguzi katika mji wa bahari kule kusini kabisa mwa Afrika, alipopiga simu akitaka sweta thelathini zisizo na mikono, ndogo kuliko za mtoto mchanga, Watiri alimuuliza kwanza huko amejiunga na dini gani.

Wangui alicheka, akaeleza. Meli ilikuwa imemwaga mafuta karibu na ufuo wanakozaliana pengwini, chini kidogo tu ya nyumba za watu. Ni ndege wasioruka, weusi mgongoni, weupe kifuani, na hutembea wima kama mapadre waliochelewa ibada. Aliyepakwa mafuta hujidonoa manyoya akameza sumu. Sweta humzuia, tena humpa joto, mpaka apate nguvu za kuoshwa.

"Ndege ivae sweta," Watiri alisema. "Na vifungo inajifungia?"

"Mum, haina vifungo."

Hakuamini hata nusu, ila binti hakuwahi kumwomba kitu tangu aondoke. Alikwenda kwa Vasant, muuza nyuzi, akataka sufu tupu isiyochanganywa na nailoni. Vasant alimtazama juu ya miwani.

"Mama Wangui, miaka yote unachukua ile ya kawaida. Leo nani amejifungua?"

"Hakuna mtu amejifungua. Nipatie uzi."

Angesema nini? Mtu mzima asimame dukani atangaze kwamba anafumia ndege, kicheko kingemtangulia kufika Skuta, mtaa anakoishi. Alinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomponza. Jumapili ya mwisho wa mwezi alikuwa avikwe kitambaa. Katika kanisa lao, mwanamke husoma na kungoja miaka mitatu kabla chama cha akina mama hakijamfunga kitambaa kichwani mbele ya waumini. Mmoja wao akiwa na neno juu yake, anangoja tena, na watu wote wanajua kwa nini amekaa kichwa wazi.

Neno lilipatikana Jumanne. Beth, jirani yake wa kibandani, alikuja kuazima mkasi wakati Watiri anasikiliza ujumbe wa sauti wa Wangui. "Mum, harakisha hizo za watoto ya ndege. Bila sweta hata wiki hawamalizi. Kuna mtu anasafiri, atazibeba."

Lugha nyingi hutofautisha kiumbe chenye mabawa na chombo kinachobeba abiria. Kiswahili kimevipa jina moja, na Mpwani huvitenganisha kwa sarufi: huyu ndege wangu, hii ndege yangu. Nyeri hawana habari na hayo. Ndege ni hii, iwe inataga mayai au inatua Nairobi.

Beth alitazama rundo la visweta. "Ni za nani hizo?"

"Ni oda tu."

Kufikia Alhamisi, midomoni mwa watu Watiri alikuwa anavalisha watoto wachanga wanaopakiwa kwenye ndege kwenda kuuzwa ng'ambo. Wateja wawili walichukua karatasi za vipimo vyao wakasema watarudi. Mwanamke mmoja alipopita kibandani alimhamisha mtoto wake kutoka mgongoni hadi kifuani. Jioni, Phyllis, katibu wa chama, mwanamke wa kutoka Kianyaga asiyeamini hata saa ya kanisa, alimtumia meseji: aje kesho kwa mkutano, na aje na sweta.

Watiri alikuja na sweta, na kapu lililofunikwa. Akina mama walikuwa wamekaa kwa mstari, hakuna aliyesogea kumpisha.

"Mama Wangui," Phyllis alisema, "watoto ya ndege ni akina nani?"

"Ni ndege. Ya manyoya."

"Ati ndege ya manyoya inasikia baridi?"

Watiri alifunua kapu akamtoa bata aliyemwazima kwa jirani yake Gatimu. Alimshika miguu, akapitisha kichwa, kisha bawa moja, kisha la pili. Bata alisimama mezani amevaa sweta ya kijani, akawageukia mmoja mmoja kama mkaguzi wa shule. Beth ndiye aliyeanza kucheka, akafunika mdomo.

Phyllis hakucheka. Alimvua bata mwenyewe, akanyoosha sweta mezani. Alikuwa amelea watano. Alipima shingo kwa vidole, akaingiza mikono katika matundu mawili, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mtoto ya mtu hawezi kuvaa hii," alisema mwishowe. "Hii haina mabega. Angekaa kama amefungwa na polisi." Akamtazama Watiri. "Lakini niko na swali. Hiyo ndege ikishavaa, nani anaivua?"

Kwa kweli swali hilo lilikuwa limemsumbua Watiri pia. Alilituma kwa Wangui hapo hapo, Phyllis akisimamia.

Jumapili waumini walisimama. Phyllis ndiye aliyepangiwa kufunga kitambaa, na alikifunga kwa nguvu, fundo likakaza nywele za kisogoni. Akainama sikioni.

"Amejibu?"

"Asubuhi. Anasema wanavua na glavu za ngozi. Hiyo ndege inauma sana, imemtoa damu."

Phyllis alifikiri, mikono bado iko kwenye fundo.

"Sasa hiyo nimeamini," alisema, akalilegeza kidogo.