Betri za Bibi na Somo la Kifaransa

Wiki iliyopita nilikuwa mjini Baraka kwa mdogo wangu wa kike, nikagombana na shule. Mwanawe alirudi na agizo: kila mtoto aje na simu ya mzazi, maana masomo ya Kifaransa sasa yamo ndani ya kadi ya kuchomeka kwenye simu, sauti na picha. Mdogo wangu akatoa ya kwake. Mimi nikaichomoa kwenye mkoba wa mtoto.

"Ya, we si njo mwalimu wa Kifaransa?" mdogo wangu akashangaa; Ya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

Ndimi. Na ndiyo maana nimekasirika. Kaa nikueleze wewe, rafiki yangu, kwa sababu mdogo wangu, mambo haya yalipotokea, alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Tulilelewa na Bibi, mzaa mama, mara tu baada ya kurudi Kongo kutoka ukimbizini Tanzania. Nilirudi na Kiswahili cha kambini na Kibembe cha nyumbani. Kifaransa sikujua hata salamu. Shule yetu ikapewa redio ya masomo. Mwanamke fulani wa mjini anasema sentensi, darasa zima tunaitika, tumeelewa au hatujaelewa. Niliichukia sauti ile. Haikukohoa, haikumsubiri mtu. Ukikosea, yenyewe inaendelea tu. Mwalimu wetu, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha kuungaunga, alisimama kando yake na fimbo, ametulia, kazi yake inafanywa na mwingine.

Redio ile ilikula betri, na betri zilitakiwa zitoke kwetu.

"Asiyeleta pile mbili kesho, abakie kwao," mwalimu akasema.

Nyumbani Bibi alikuwa na redio yake, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuwa na haja na muziki. Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa amekwenda Lulimba kuchimba dhahabu, na simu zilikuwa za wachache. Mtu akitaka kuwapata ndugu zake alituma tangazo lisomwe redioni jioni. Saa hiyo Bibi aliacha bugali na ndagala zipoe, akatega sikio. Akisikia jina la jirani, alivuka uwanja kwenda kumwambia. Mtaa mzima ulimtegemea.

Nilichukua betri zake nzima, nikaweka mbili zilizokufa nilizookota jalalani. Redio ilipokataa kusema, Bibi hakushuku chochote. Alifanya tulivyofanya sote enzi zile: akazianika kwenye ungo, pembeni ya mihogo, zipate jua zirudishe nguvu. Jioni akazijaribu. "Bado kidogo," akasema, na asubuhi akazianika tena. Siku tatu. Mimi huko shuleni naitika kwa sauti kubwa, tena nikasifiwa.

Siku ya nne jirani akapita mlangoni, akamwona Bibi, akasimama.

"Koko, we bado uko hapa? Tulizani ulishaenda Lulimba."

"Kufanya nini?"

"Mutoto wako iko mugonjwa sana! Balisoma jina yako kwa redio mara mbili, anaomba mama yake akuye. Si we njo unasikiaka matangazo?"

Hakuna aliyekuja mapema. Nani angemletea Bibi habari za redio, wakati yeye ndiye aliyewaletea wote?

Alipanda pikipiki siku ileile. Lulimba alikuta kaburi bichi. Wachimbaji wenzake walimweleza Bibi kwamba mjomba alikuwa akiuliza kila pikipiki iliyosimama, kama imemleta mama yake.

Nilimchukia mwalimu, nikaichukia na ile redio yake, na bado naichukia. Usiniambie chombo hakina kosa. Kinapoingia darasani watu wanapiga makofi, hakuna anayeuliza kimetolewa nyumba gani na nyumba hiyo imebaki na nini. Na mimi mwenyewe sijisamehe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Matangazo yale ya jioni siku hizi hakuna anayeyangojea. Sioni tena betri kwenye ungo, wala mtu wa kuvuka uwanja kupeleka habari isiyo yake. Kila mtu na simu yake, mlango umefungwa. Ile shule ilibomoka, ikajengwa nyingine.

Bibi aliishi hadi akaniona nafundisha. Mgeni akifika, aliniita nije mbele yake. "Huyu alijifunzaka Kifaransa kwa redio," anasema, anacheka kwa fahari. "Sema kidogo basikie." Nami nilisema, wageni wakamsifu kwa kunisomesha. Hadi tunamzika, sikumwambia betri zake zilikwenda wapi.