Jemadari wa Musinzira

Kwa siku tatu mfululizo Bonifasi alimwahidi mama yake jambo moja kwenye simu: Alhamisi saa tatu asubuhi, wazee wa kilima, kijiji chao, watakapofika kupima shamba la Buhinyuza, yeye atakuwa amesimama pale mpakani. Na aliahidi kwa moyo mweupe. Ule ua wa minyaa uliotenganisha shamba lao na la mzee Nazario, jirani yao, ulipandwa na watu watatu tu mwaka waliorudi kutoka Tanzania: baba yake, Nazario mwenyewe, na Bonifasi aliyeshika ncha ya kamba. Baba alishafariki. Ua ulikuwa umekatwa. Na Nazario alikuwa anasema mpaka haukuwahi kupita pale.

"Wewe ndiye uliyebaki," mama yake Imelda alimwambia. "Mimi siku ile nilikuwa zahanati na Upendo, ana homa. Wakiniuliza nitasema nini? Kwamba niliambiwa?"

"Nitakuja, mama. Jumatano jioni nitalala nyumbani."

Kutoka Gitega alikoishi hadi Muyinga, mkoa wa kwao, si mbali kwa mtu mwenye gari lenye mafuta. Lakini mwaka huo mafuta yalikuwa yakitafutwa kama dawa. Magari yalipanga foleni kituoni siku mbili, na abiria walipanga foleni ya kuyasubiri magari. Hamadi, mwenye karakana ya milango ya chuma mtaani Musinzira ambako Bonifasi alikuwa fundi wa kuchomelea, ndiye aliyemtafutia nafasi.

"We Boni, sikia," alimwambia Jumatano asubuhi. "Sudi amepata essence, anaenda mpaka Muyinga. Iko nafasi moja tu, mi nimemwomba mpaka nimechoka. Atapita hapa saa saba juste. Juste, umesikia? Haingoji mtu."

"Nimesikia, ndugu yangu. Saa saba nitakuwa mlangoni na begi."

Alichokificha ni kwamba saa sita na robo mchana huohuo kulikuwa na vita.

Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la kigeni, lakini Waswahili walioucheza waliuita Ngome. Bonifasi aliupakua kwenye simu miaka mitatu nyuma, siku ya mvua, umeme umekatika na kazi imesimama. Unajiundia mtu wako, unamchagulia silaha, unaanza maskini kabisa na kisu cha kutu. Yeye alijiundia mlinzi mwenye ngao kubwa, akamwita Shoka. Kila alfajiri mchezo ulimpa kazi ndogo ndogo. Ukizifanya siku saba bila kukosa unapewa zawadi, ukikosa moja unaanza upya. Hakukosa. Alizifanya akipiga mswaki, alizifanya kanisani wakati wa matangazo. Shoka akapanda daraja, akaingia kwenye ukoo wa wachezaji arobaini kutoka Kigoma, Bukavu, Mombasa na Bujumbura, na kabla mwaka haujaisha wakamfanya jemadari wao. Ngome ilikuwa na ubao wa majina ambao kila mchezaji duniani aliweza kuusoma. Jina la Shoka lilikuwa la kumi na tisa.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kuonja. Bonifasi alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, mahali ambapo mtu alikuwa namba kwenye kadi ya mgao. Aliporudi Burundi akiwa na miaka ishirini, kilimani kwao waliwaita Watanzania. Gitega nako, wateja walisikia Kiswahili chake, wakatabasamu na kuuliza, "Na we, ni wa wapi?" Ndani ya Ngome hakuna aliyemuuliza hivyo. Waliuliza tu, "Jemadari, tufanye nini?" Na alijua cha kufanya. Alikuwa hodari kweli. Mikono iliyoshika chuma cha moto mchana kutwa ilitulia kwenye kioo cha simu kuliko ya mtu yeyote, na sauti yake ilipotoka kwenye simu arobaini, watu walitii.

Vita vya Jumatano hiyo vilikuwa vya kugombea ngome kubwa ya kaskazini. Muda ulipangwa na wenye mchezo, huko mbali. Dakika arobaini, basi. Bonifasi alipiga hesabu: vinaisha saa saba kasoro dakika tano. Begi likawekwa tayari karibu na mlango. Akaketi nyuma ya karakana, juu ya rundo la mabati, spika za masikio zimebana.

Mwanzo ulienda vizuri. Salama, msaidizi wake wa Bujumbura, alipeleka wapiga mishale upande wa mto, na Shoka akashikilia lango na ngao yake. Lakini maadui walikuwa wengi kuliko walivyotarajiwa. Lango la kwanza likaanguka. La pili likawaka moto. Muda ulipoisha pande zote mbili zilikuwa zimefungana, na maandishi mekundu yakatokea: nyongeza ya dakika kumi.

Honi ikalia barabarani, ndefu.

"Boni!" Hamadi aliita. "Gari hiyo!"

"Dakika mbili!"

"Jemadari, wanapanda ukuta wa nyuma!" Salama alikuwa anapiga kelele masikioni mwake. "Tuje huko au tubaki?"

"Bakini! Msiache lango! Wanataka tuhame!"

Honi ya pili. Hamadi akatokea kwenye kona, jasho linamtoka, akasimama mbele yake. "We, inuka! Sudi anasema anaenda. Watu watano wako mule wanapiga makelele."

Bonifasi alimwona. Aliona midomo ya Hamadi ikichezacheza, akaelewa kila neno. Angeweza kuinuka, miguu yake ilikuwa mizima. Lakini kama Shoka angeachia ngao, lango lingeanguka kwa sekunde nne, na watu arobaini wangejua ni nani aliyelikimbia. Aliinua kidole kimoja, kama mtu anayeomba asikatizwe, na macho yake yakarudi kwenye kioo.

Alisikia gari likiondoka. Alilisikia vizuri, likibadilisha gia kwenye mteremko.

Dakika tatu baadaye ngome ya kaskazini ikawa yao. Sauti arobaini zililipuka kwa pamoja, wanaimba, wanacheka, kijana wa Kigoma analia kabisa. "Shoka! Shoka! Shoka!" Kwenye ubao jina lake lilipanda hadi la kumi na moja. Furaha ilimpanda hadi kwenye nywele. Kwa dakika nzima hakuwa na uzito. Kisha akavua spika za masikio. Mbele yake palikuwa na mabati, mashine ya kuchomelea, na Hamadi aliyekaa kwenye tofali.

"Nitapata gari lingine," Bonifasi alisema.

"Lingine gani?"

Alizunguka Gitega yote hadi saa tisa. Hakukuwa na gari. Wenye pikipiki walicheka tu wakimwonyesha matangi makavu. Dada yake Upendo alipopiga simu kuuliza amefika wapi, alisema gari limepata hitilafu njiani.

"Njiani wapi, kaka?"

Hakuwa na jina la kijiji lililo tayari mdomoni. "Huku huku," alisema, na dada yake akakata.

Hamadi alimpa baiskeli yake. Hakumgombeza, alijaza upepo magurudumu yote mawili kisha akaingia ndani. Bonifasi alipanda vilima vya kuelekea Karuzi akiwa amesimama kwenye pedali, na alipoishiwa nguvu alisukuma. Giza lilimkuta Karuzi. Mlinzi wa ghala alimruhusu alale kwenye magunia. Alfajiri akaendelea. Mapaja yalikuwa yakitetemeka, na kichwani hesabu ileile ilizunguka: saa tatu, saa tatu, saa tatu.

Aliingia mji wa Muyinga saa tatu na dakika kumi. Buhinyuza ilikuwa bado mbele, na mnyororo wa baiskeli ulishakatika mara mbili. Alimwachia baiskeli mwenye duka mmoja karibu na soko. Kijana mwenye pikipiki yenye mafuta kidogo akamwambia asubiri amshushe mteja, anarudi sasa hivi. Bonifasi akasimama kando ya barabara na kutoa simu aone chaji. Asilimia kumi na mbili. Na ujumbe wa Salama, mmoja juu ya mwingine: wamerudi. Wanashambulia sasa. Jemadari uko wapi. Jemadari.

Alifungua aone tu. Ndivyo alivyojiambia: kuona tu, pikipiki haijaja bado. Ngome ilikuwa inaungua upande wa mto. Shoka alisimama katikati ya ua pale alipomwacha, ngao mgongoni, watu wanakufa kumzunguka. Kidole gumba cha Bonifasi kikaenda chenyewe. Akainua ngao.

Hapo hapo kioo kikafunikwa na jina: Upendo anapiga. Herufi zake zilikaa juu ya lango kabisa, haoni adui wanaingilia wapi. Kidole kikalifuta lile jina. Hakufikiri; kilifuta tu, kama mtu anavyofukuza nzi usoni, na lango likaonekana tena.

Ilimchukua pumzi mbili kuelewa alichofanya. Alikuwa amekata simu ya dada yake aliyesimama shambani na mama yao mbele ya wazee, ili aone lango lisilokuwepo. Alijaribu kumpigia, simu ya Upendo haikupatikana. Salama alikuwa anaandika bado. Bonifasi aliizima simu, akaiingiza ndani kabisa ya begi, chini ya shati. Pikipiki iliporudi aliipanda kabla haijasimama vizuri.

Shambani alifika saa nne na nusu. Watu kama thelathini walikuwa wamejipanga kwenye mteremko. Wale wazee waaminifu wa kilima, bashingantahe, walikuwa wanne, fimbo mkononi, na mtu wa komine, yaani wa ofisi ya serikali ya wilaya, alishika daftari. Walikuwa wameanza kupima juu, kwenye kahawa. Vigingi viwili vilishapigwa. Bonifasi aliviona kutoka mbali na akajua: vilikuwa upande wao. Safu mbili za kahawa aliyoipanda baba sasa zilikuwa kwa Nazario.

Mama alisimama peke yake, kitenge kimefungwa vizuri, mikono imeshikana mbele. Upendo alimwona kaka yake kwanza. Akageuza uso.

"Ni nani huyu?" mzee mkubwa aliuliza.

"Ni mwanangu," mama alisema. "Ndiye aliyeshika kamba."

"Tulimngoja saa nzima. Pale juu kumekwisha. Hatuwezi kuwa tunapima shamba moja mara mbili kwa siku moja kwa sababu mtu amechelewa."

"Na huku chini, mzee?" Bonifasi aliuliza.

Mzee Nazario alikuwa ameshaonyesha kwa mkono mahali pa kigingi cha tatu, kwenye migomba. Bonifasi aliwaomba wamfuate. Alipita katikati ya migomba hadi kwenye nyasi tupu, akahesabu hatua kutoka kwenye mwamba mweusi, akasimama. "Tulianzia hapa. Mashina yamekatwa, lakini mizizi haikung'olewa. Mzee Nazario, siku ile jembe lako lilivunjika mpini kwenye mwamba huu, na baba akakupa letu. Unakumbuka?"

Mzee mkubwa akaagiza pachimbwe. Walichimba. Pigo la tatu la jembe lilitoa mzizi mnene wa mnyaa, unatoa maziwa bado. Na mwingine hatua moja mbele, na mwingine, kwenye mstari ulionyooka. Watu waliguna. Kigingi cha tatu na cha nne vikapigwa pale, na migomba ya mama ikabaki yake.

"Hii mizizi iko juu pia," Bonifasi alimwambia mzee mkubwa. "Nichimbe?"

"Mimi nimeshaweka kidole kwenye karatasi, na mama yako pia. Ukitaka ya juu, nenda mahakamani. Ungekuja saa tatu."

Watu walipotawanyika Imelda aliketi kizingitini, akamwekea mwanawe sahani ya maharage, akamngoja ale. Ndipo akauliza, bila ukali wowote, "Ni ule mchezo?"

"Ndiyo."

"Unakupa nini, Boni? Nataka kujua kweli."

Alitaka kutafuta neno dogo lenye heshima, hakulipata. "Kule ndani wananingoja, mama. Nikiingia, wanafurahi."

Imelda alitazama upande wa kahawa. "Na mimi leo asubuhi," alisema, "nilikuwa nafanya nini pale barabarani?"



Bonifasi alikaa Buhinyuza wiki tatu, akapanda ua mpya upande wa chini. Simu aliiwasha kwanza kwa ajili ya Salama. Alimwandikia kwamba ukoo sasa ni wake, na kwamba asimngoje. Akamfuta Shoka, kisha akaufuta mchezo. Siku za mwanzo alikuwa mkali kama mgonjwa. Vidole vilitafuta kioo akiwa ameshika jembe, na akifumba macho aliona lango. Mara mbili aliurudisha. Mara ya pili aliukuta ubao wa majina, akashuka nao hadi chini kabisa, jina la Shoka halipo, na akashangaa jinsi kifua kilivyomuuma kwa ajili ya mtu asiyekuwa na mwili.

Kesi ya kahawa iko mahakamani na hakuna ajuaye itakwishaje. Upendo alichukua miezi mitano kumsamehe, na hata sasa kaka yake akisema yuko njiani humuuliza ni njiani wapi. Bonifasi humtajia mahali, na kama anapopita panaonekana kitu, daraja, kanisa, soko la Ijumaa, humweleza na hicho.