Jina la Bibi Lina Mwenyewe

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, na haya mengine uyaache kama nilivyoyabadilisha. Nina miaka kumi na sita, naishi Germantown, hapa Marekani, na wazazi wangu na mdogo wangu wa kiume. Shuleni nasoma kwa Kiingereza na Kifaransa, nyumbani ni Kiswahili, na kote huko mimi ni mtu wa kunyamaza. Ndiyo maana naandika.

Baba ni Mshelisheli wa Mombasa. Mwalimu wa Kifaransa alipotuagiza tuchore mti wa ukoo, baba alifurahi kuliko mimi. Alishusha kutoka juu ya kabati kitabu cha sala cha babu. Kurasa zake za nyuma zina majina yote tangu yule Mfaransa aliyeshuka kisiwani Mahe, Shelisheli, akazaa na mtumwa wake. Hilo la mtumwa baba hulisema haraka haraka.

"Tazama mwanangu, sisi majina hatuokoti. Msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Wa pili, la mama wa mama yake. Tangu Mfaransa mpaka leo."

Kulikuwa na Josefina mmoja aliyeishi siku tisa, na chini yake Josefina mwingine. Baba akanieleza: mtoto akifa, msichana anayemfuata hulichukua jina lile lisipotee.

Sasa, mama yake baba ndiye Josefina. Mimi, binti pekee nyumbani, naitwa Agata, jina la mama wa mama.

"Baba, mbona mimi si Josefina?"

Akafunga kitabu. "Mama yako ndiye aliyelitaka Agata."

Jioni mama aliporudi kazini, nikamuuliza hilo hilo tukimenya viazi. Akacheka. "Mimi? Mimi nililitaka Josefina, nimpendeze mama mkwe. Baba yako ndiye aliyegoma!"

Tangu siku ile nikaanza kumchunguza baba. Kila Jumapili baada ya misa hutoka kununua gazeti, akarudi baada ya saa nzima mikono mitupu. Mara moja nilimwona kwenye simu ya sarafu nje ya duka la dawa, na nyumbani tuna simu. Kitandani nikawa napiga hesabu ile ile: nimepewa jina la msichana wa pili, basi wa kwanza alikuwako; kama angekufa, jina lake lingekuja kwangu. Halikuja. Basi yuko hai.

Tulipokwenda kwa shangazi, dada yake baba, Springfield, njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilimkuta jikoni peke yake akipika chapati.

"Shangazi, Josefina sasa ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, anaingia ish..." Mkono ukasimama. "Haya we! Bubu leo kanena! Nani kakwambia?"

"Kitabu."

Akatazama sebuleni, mama alikokuwa akicheka na wageni. "Alizaliwa kabla baba yako hajamjua mama yako. Yuko Changamwe, kule Mombasa, na mamake. Baba yako alichelea kunyimwa mke, akanyamaza, na miaka ikapita. Nawe funga mdomo, hiyo kazi unaijua."

Chapati ikaungua. Nadhani shangazi alimpigia baba simu, kwani kesho yake baba alisimama mlangoni kwangu akasema, "Kwenye mti jiandike wewe kuwa wa kwanza." Hakuingia.

Mwezi ujao wazazi wamealikwa shuleni kuitazama michoro yetu. Mama ameshaomba ruhusa kazini. Jana aliinama juu ya karatasi yangu kubwa.

"Agata, mbona umejisogeza kando hivi? Hapa kushoto umemwekea nani nafasi?"

"Nimepima vibaya, mama."

Akanitazama. "Wewe hupimi vibaya."

Sasa hata mama namshuku. Sijui alikuwa anauliza, au anajua zamani na ananijaribu. Nikisema, huenda nikaivunja nyumba yetu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfuta mtu kwa mkono wangu, maana nimekirudia kile kitabu ukurasa kwa ukurasa na Josefina wa Changamwe hayumo. Alipewa jina, akanyimwa mstari.

Wasomaji, hasa mlio na mabinti, nishaurini. Nimwambie mama mwenyewe, nimshike baba aseme, au niandike kama baba alivyoniambia? Ile nafasi ya kushoto bado haina kitu, na kila siku mama akipita huitupia jicho.